Kwadi inayogota kwenye tuta: mshindo mmoja uliokuwa mitatu

Malalamiko yalikuwa mafupi: kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, inagota (shokapu inabonyea hadi mwisho na kugonga) kila ikiruka tuta, mshindo unapanda hadi kwenye uti wa mgongo, na kila kilichojaribiwa kimezidisha tabu. Springi ya nyuma ilishakazwa hadi nati ikakaribia mwisho wa nyuzi zake. Skrubu ya kubonyea, inayobana oili shokapu inapobonyea, ilishafungwa kabisa. Skrubu ya kurudi, inayobana oili shokapu inapotanuka, nayo ilifungwa karibu yote, maana springi ilipokazwa, sehemu ya nyuma ilianza kumrusha mwendeshaji kila akipita kwenye mashimo. Sasa alikuwa anafikiria kuuza shokapu zote tatu anunue nyingine.

Ndiyo njia inayopitwa na wengi. Ukisikia mshindo unakaza, ukisikia tena unakaza tena. Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu huko kukaza ndiko kulikoificha shida yenyewe, na kwa sababu mgongo wa binadamu hauna vipuri. Kabla ya kushika spana, mtu anapaswa kujua nafasi ya shokapu inaliwa wapi na wakati gani.

Kwadi yenyewe ni ya michezo, injini ya sentimita za ujazo 450, uzito wa kilo 180 hivi ikiwa na mafuta. Magurudumu ya mbele yana nafasi ya milimita 250, kuanzia yanaponing'inia hadi yanapofika kikomo cha juu. Ya nyuma yana milimita 270. Mwendeshaji, pamoja na helmeti, buti na kinga za mwili, ana kilo 98. Springi ni zile zilizotoka kiwandani, ambazo kwa kawaida huchaguliwa kwa mtu mwepesi kuliko yeye. Nyuma kuna shokapu moja iliyofungwa kwenye linki, yenye marekebisho mawili ya kubonyea: skrubu ndogo ya katikati kwa mbonyeo wa polepole, na nati inayoizunguka kwa mbonyeo wa ghafla.

Tuta lililolalamikiwa ni bapa juu, na upande wa kutua lina mteremko wa nyuzi 20 hivi. Ukimaliza mteremko kuna kipande kifupi cha tambarare, halafu tuta la pili, dogo lakini lenye uso mkali.

Siku ya uchunguzi hakuna nati iliyoguswa. Rodi za shokapu zilifutwa, kila moja ikafungwa kibanio cha plastiki cha kufungia nyaya, kikiwa kimelegea kiasi cha kuteleza, kikasukumwa hadi kukaa pale mwili wa shokapu unapoanza. Shokapu ikibonyea, mwili wake unakisukuma kibanio kwenye rodi. Ikirudi, kibanio kinabaki pale pale kilipofikishwa. Bamba la kinga chini ya fremu lilipuliziwa rangi nyembamba ili mkwaruzo wowote mpya uonekane. Simu moja inayorekodi fremu 240 kwa sekunde iliwekwa chini karibu na mahali pa kutua, na nyingine kando ya tuta la pili. Vifaa hivi karibu kila mtu anavyo, na bado naona watu wakibadilisha shokapu nzima bila kufanya hata kimoja.

Masikio yalikuwa yamesikia mshindo mmoja. Vibanio, rangi na picha vikaonyesha mitatu.

Wa kwanza haukuhusu shokapu kabisa. Vibanio vya mbele vilisimama vikiwa bado na milimita 18 za rodi kabla ya raba ya kikomo, ile inayopokea pigo mwisho wa nafasi, maana yake shokapu za mbele hazikugota. Lakini rangi ya bamba la chini ilikuwa imekwanguliwa katikati, mstari mpana wa chuma kitupu uliotoka mbele kwenda nyuma. Picha zikathibitisha: mwendeshaji alikuwa anatua mapema. Magurudumu ya mbele yanavuka ukingo wa tuta, ya nyuma yanabaki juu, na tumbo la kwadi linaangukia ukingo wenyewe. Hakuna springi duniani inayotibu hilo. Springi ngumu ingeinua tumbo kidogo, lakini ukingo ungeendelea kuwapo na pigo lingekwenda moja kwa moja kwenye fremu.

Hapa hesabu ni muhimu, kwa sababu inaonyesha mteremko wa kutua unafanya kazi kubwa kiasi gani. Tuseme kwadi inakwenda mbele kwa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, na kutoka kilele cha mruko hadi juu ya tuta imeanguka mita 1.5. Kasi yake ya kushuka hapo ni mita 5.4 kwa sekunde. Ikitua pale juu palipo bapa, kasi yote hiyo inaingia kwenye matairi na shokapu. Ikiwa breki ya anguko ni zile milimita 270 tu, mwili unapunguzwa kasi kwa wastani wa zaidi ya mara tano ya nguvu ya uvutano. Huo ni wastani, na kilele cha pigo hupita hapo.

Sasa mwache aende mbele kidogo atue kwenye mteremko, nusu mita chini zaidi. Ameanguka mita 2, kwa hiyo kasi ya kushuka imepanda hadi mita 6.3 kwa sekunde. Unaweza kudhani mambo yamekuwa mabaya zaidi. Lakini njia anayoshukia sasa inakaribiana na mteremko wa nyuzi 20, na kasi inayoigonga ardhi moja kwa moja ni mita 2.5 tu kwa sekunde. Kwa kuwa nishati huongezeka kwa mraba wa kasi, shokapu zimepewa kama moja ya tano ya kazi iliyokuwapo kule juu. Ameruka mbali zaidi na kuanguka kimo kirefu zaidi, na ametua laini. Mtu anayegota kwenye tuta bapa aulizwe kwanza anatua wapi.

Mshindo wa pili ulikuwa wa kweli, wa shokapu ya nyuma, lakini haukutokea mahali alipodhani. Kwenye picha za kutua, magurudumu ya nyuma yanagusa mteremko, shokapu inabonyea na bado ina nafasi. Halafu haitanuki. Kwadi inavuka kile kipande cha tambarare ikiwa imekaa chini kwa nyuma, mkia umezama, na chini ya sekunde moja baadaye inakutana na uso wa tuta la pili. Hapo ndipo chuma kinagonga chuma. Mwendeshaji anausikia mshindo sekunde hiyo hiyo moja baada ya kutua, na akilini mwake vyote ni kitu kimoja.

Skrubu ya kurudi ilikuwa kliki 2 tu, yaani hatua mbili za kuizungusha, kutoka kufungwa kabisa. Oili ilikuwa inapita kwa shida wakati wa kutanuka, kwa hiyo kila kipigo kilikuta shokapu haijamaliza kurudi kutoka kile kilichotangulia. Nafasi ya milimita 270 ilikuwapo kwenye karatasi. Kwenye tuta la pili ilibaki sehemu tu. Kwenye mashimo yanayofuatana hali hiyo huwa mbaya zaidi, kwa kuwa kwadi inazidi kuzama shimo hadi shimo.

Kwa nini alifunga? Kwa sababu ilikuwa inamrusha. Kwa nini ilimrusha? Kwa sababu springi ilikazwa mno. Na kwa nini ilikazwa? Kwa sababu iligota. Mnyororo huo ulitupeleka kwenye springi yenyewe.

Vipimo vya springi ya nyuma vilichukuliwa kwa njia ya kawaida. Kwadi inanyanyuliwa hadi magurudumu yaning'inie, unapima wima kutoka ekseli hadi alama kwenye mwili. Unaishusha na kupima tena ikiwa peke yake. Kisha mwendeshaji anapanda na mavazi yake yote, anasimama kwenye vikanyagio, mnapima mara ya tatu. Pamoja na mwendeshaji ilishuka milimita 90, ambayo ni theluthi ya 270, kiwango ambacho wengi huanzia. Mtu akiishia hapo atasema springi iko sawa.

Kipimo cha pili ndicho kilichosema ukweli. Ikiwa peke yake, kwadi ilishuka milimita 5 tu. Yaani nyuma ilikuwa imesimama juu karibu kama magurudumu yananing'inia, imekakamaa. Wengi wakiona hivyo husema springi ni ngumu. Ni kinyume chake. Springi laini ikikazwa sana kwa nati ili ibebe mtu mzito, inakuwa na mkazo mwingi tangu mwanzo na inakataa kushuka kwa uzito wa mashine peke yake, lakini kila milimita inayoendelea kubonyea inaongeza nguvu kidogo tu. Kukaza nati hakubadilishi ugumu wa springi; kunaongeza mkazo uleule mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana ilikuwa kali mwanzoni, ikimrusha kwenye mashimo madogo, na laini mwishoni ilipohitajika.

Hapa kuna jambo linalowachanganya hata mafundi. Husemwa kwamba kwadi ikishuka sana mtu akikaa, basi imepoteza nafasi ya kutua. Lakini ukiwa hewani magurudumu yananing'inia hadi kikomo cha chini, kwa hiyo wakati wa kutua nafasi yote iko tayari, hata kama ukiwa umesimama ilikuwa imeshuka nusu. Kushuka kwingi kunakula nafasi yako kwenye uso wa tuta na kwenye mashimo. Kwa upande wa kutua, ni dalili tu kwamba springi ni dhaifu kwa uzito wako. Vitu hivi viwili vina tiba tofauti.

Mshindo wa tatu ulichelewa kujitokeza. Mizunguko ya mwanzo kutua kulikuwa sawa. Kadiri kwadi ilivyoendelea kufanya kazi, kibanio cha nyuma kilisogea zaidi kila tukitazama, hadi kikazama ndani ya raba ya kikomo wakati wa kutua, kwenye tuta lile lile na kwa mwendo ule ule. Baada ya kupumzishwa ikarudi kuwa afadhali. Shokapu inayobadilika tabia ikipata moto ina shida ndani, na hakuna skrubu itakayoifikia.

Ilipelekwa kwa fundi mwenye vifaa vya gesi ya nitrojeni. Nasisitiza hilo: chupa ya pembeni ya shokapu za aina hii hujazwa nitrojeni kwa mgandamizo ambao mara nyingi huwa kati ya psi 150 na 200, na kuifungua bila kuitoa gesi kwanza kunaweza kumpofusha mtu. Oili ilitoka ikiwa na rangi ya majivu, imejaa mapovu madogo yaliyokaa juu ya beseni bila kupasuka upesi. Kibofu cha raba kinachotenganisha gesi na oili kilikuwa na ufa kwenye mkunjo. Nitrojeni ilikuwa inavujia kwenye oili. Shokapu ikitulia, gesi inajitenga na kupanda juu. Ikifanyishwa kazi, vinachanganyika. Pistoni badala ya kusukuma oili inasukuma povu, na povu halina ukinzani wa maana. Raba ya kikomo nayo ilikuwa imebaki vipande viwili vilivyokauka, kwa hiyo mwisho wa nafasi hakukuwa na kitu cha kupokea pigo.

Haya ndiyo yaliyonishawishi kuliko yote. Kwenye kutua kuzito, springi peke yake haimudu. Kwadi na mwendeshaji wake ni kilo 278; wakishuka kwa mita 5.4 kwa sekunde wanaleta kama jouli 4,000. Springi inachukua sehemu tu, na inayoichukua inairudisha. Matairi na miguu ya mwendeshaji vinachukua nyingine. Kuigeuza nishati kuwa joto na kuimaliza ni kazi ya oili inayopenya kwenye vali. Oili ikiwa povu, unaweza kukaza springi mpaka nati iishe.

Marekebisho yalifanywa moja moja, kila moja likijaribiwa kwenye tuta lile lile kabla ya jingine. Kubadilisha vitu vitatu kwa pamoja kunakuachia kwadi iliyobadilika na wewe usijue ni kwa nini.

Shokapu ya nyuma ndiyo iliyoanza: kibofu kipya, sili mpya, oili mpya, gesi kwa kiwango cha mtengenezaji, na raba mpya ya kikomo. Mshindo wa tatu uliisha hapo hapo, hata kabla springi haijaguswa.

Ikafuata springi, ngumu kwa asilimia 20 hivi kuliko ya kiwandani. Nati ililegezwa hadi kwadi ikashuka tena milimita 90 pamoja na mwendeshaji. Ikiwa peke yake sasa ilishuka karibu milimita 20. Tarakimu ya kwanza ni ileile, ila tabia ilikuwa ya mashine nyingine. Mwanzo wa nafasi ukawa mpole, na mwisho ukawa na nguvu.

Kisha skrubu ya kurudi ikafunguliwa, kliki mbili mbili, mpaka kwenye picha magurudumu ya nyuma yakaonekana yamemaliza kutanuka kabla ya tuta la pili. Iliishia kliki 10. Asinakili mtu namba hiyo, kwa sababu kliki za shokapu moja si kliki za nyingine. Springi mpya, kwa kuwa ni ngumu zaidi, inahitaji ukinzani zaidi wa kurudi kuliko springi laini iliyofungwa vivyo hivyo, kwa hiyo kufungua ovyo kungemrudisha kwenye kurushwa. Kipimo chake ni rahisi kukiona: baada ya kutua, kwadi inapaswa kupanda mara moja na kutulia, bila kudunda mara ya pili na bila kubaki chini.

Mwisho kabisa ndipo ukaguswa upande wa kubonyea. Skrubu ya mbonyeo wa polepole, ile aliyoifunga yote, ilirudishwa katikati. Neno polepole hapa ni mwendo wa rodi ndani ya shokapu. Kasi ya kwadi haihusiki. Kupanda uso mrefu wa tuta ni mbonyeo wa polepole hata ukiwa unakimbia. Kutua juu ya bapa ni wa ghafla hata ukiwa taratibu. Alikuwa ameifunga njia ambayo oili haiitegemei wakati wa kutua, akapata ugumu kwenye vijiwe na asipate msaada kwenye tuta. Nati ya mbonyeo wa ghafla iliongezwa robo mzunguko, ikajaribiwa, ikaongezwa robo nyingine, ikaachwa.

Hatukutafuta kwadi isiyogusa raba kamwe. Ikitokea hivyo kwenye tuta kubwa kuliko yote unayoruka, una milimita kadhaa ulizolipia na huzitumii, na magurudumu yatakuwa yanadunda kwenye kila kitu kidogo. Tulitaka kwenye kutua kubaya kuliko kote kibanio kiiguse raba na kuibonyeza kidogo, na kwenye kutua kwa kawaida kibaki na nafasi. Ndivyo ilivyokuwa.

Matairi yalikaguliwa upesi. Upepo wa matairi ya kwadi za michezo ni mdogo, mara nyingi psi 4 hadi 6, na geji ya kawaida haisomi vizuri chini huko, kwa hiyo inahitajika geji ya mgandamizo mdogo. Ringi hazikuwa na mbonyeo. Zingekuwa nazo, tungekuwa na mshindo wa nne.

Baada ya kugota kwa muda mrefu vile, si haki kwa mtu kurudi kuruka bila kukagua kilichokuwa kinapigwa. Boliti ya juu ya shokapu ya nyuma ilikuwa imepinda kiasi cha kuonekana ukiizungusha juu ya kioo, ikabadilishwa. Beringi za linki zilikuwa zimekauka, moja ikiwa na kutu. Maungio ya mikono ya mbele, sehemu za kuchomelea karibu na vishikio vya shokapu, na boliti za vikanyagio vilisafishwa na kutazamwa kwa tochi. Ufa wa fremu huanza kama uzi mwembamba kwenye rangi, mara nyingi una mstari wa kutu.

Ukabaki ule mshindo wa kwanza, wa ukingo, ambao ulikuwa mikononi mwa mwendeshaji. Alikuwa analifikia tuta vizuri halafu anaachia mafuta mita chache kabla ya kuondoka, kwa woga uliotokana na maumivu ya awali. Ukiachia mafuta kwenye uso wa tuta, unapoteza mwendo na pua inaelekea kushuka. Mambo yote mawili yanakuleta kwenye ukingo. Alianza upya kwenye tuta dogo lenye umbo kama hilo, akishika mafuta kwa usawa hadi magurudumu ya nyuma yaondoke, bila kuongeza ghafla na bila kuachia.

Na alikuwa anatua amekaa. Mtu wa kilo 98 akiwa ameketi ni mzigo uliofungwa kwenye fremu. Akisimama na magoti yaliyolegea, miguu yake inampa nafasi nyingine ya sentimita 30 au zaidi kwa ajili ya uzito wake mwenyewe. Magoti yasikunjwe mno hewani, maana goti lililokunjwa lote halina tena pa kwenda. Viwiko nje, macho kwenye mwisho wa mteremko, mafuta kidogo magurudumu ya nyuma yanapogusa ili kwadi iendelee mbele badala ya kukaa chini.

Bamba la chini lilipuliziwa rangi upya. Alipofika kwenye mteremko rangi ilibaki nzima. Siku alizochoka na kulegeza mkono, mkwaruzo ulirudi pale pale katikati. Shokapu za mbele hazijaguswa hadi leo isipokuwa kusafishwa na kupimwa: springi zake pia ni laini kwa uzito wake, lakini zile milimita 18 bado zipo, na hakuna sababu ya kuzikaza.